Nozeli za Dada Yangu

Nilipaswa kukataa. Mnunuzi mmoja wa korosho alinikuta gereji Masasi, akaniomba nimpe nozeli za gari la dada yangu, naye anipe zake zilizochoka, ili amalizie msimu. Angezirudisha korosho zikiisha. Nikamwambia, "Chukua tu." Gari halikuwa langu. Mimi nilikuwa naliendesha tu.

Nozeli ni vile vyuma vinavyopulizia dizeli ndani ya injini. Ikiwa nzima, mafuta hutoka kama ukungu, ikichoka, hudondosha. Kwetu huku juu, upande wa Newala, zilikuwa zinachoka upesi. Dizeli ya vijijini iliuzwa kwa madumu, na dumu la kwetu ni la maji kwanza. Maji tuliyafuata mbali, bondeni, kwa hiyo hakuna aliyekubali kutenga dumu zima kwa ajili ya dizeli peke yake. Maji yaliyosalia chini ya dumu yaliingia kwenye tangi pamoja na mafuta, kutu ikafuata, nozeli zikafa.

Za kwanza za dada yangu zilikufa hivyo hivyo. Alikuwa mdogo wangu, mjane, anakaa Kitangari na watoto wake. Lile gari dogo kuukuu la dizeli alilinunua kwa korosho zake, akawa anachukua mitumba Masasi na kuiuza Newala. Nozeli zilipoharibika aliuza mbuzi, akanunua mpya zote nne, akasimama pale gereji hadi ya mwisho ilipofungwa. Tangu siku hiyo dizeli yake aliichuja kwa kitambaa, na dumu lake la mafuta alilifunga kamba nyekundu shingoni ili mtu asije akalichotea maji. Wanawake wenzake walimcheka. "Dumu lako limeolewa?" Naye aliwajibu, "Limeolewa, na mume ana wivu."

Haya yote niliyajua. Kwa nini basi nilikubali? Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wameruhusiwa kuingia vijijini, na kila mmoja wetu alitaka kujuana nao. Huyu alikuwa na gari la aina ile ile. Alinipa kiti mbele ya watu, akaniita mzee. Akauliza, "Lakini gari si la dada?"

"La dada," nikasema. "Ila mjomba ni mimi."

Kwetu neno hilo ni zito. Watoto wa dada ni wa mjomba. Mjomba ndiye husimama mbele yao wakienda jando, ndiye hupokea washenga. Mimi nililitumia kugawa mali ya mwenyewe hai, mwenye akili zake.

Fundi, mtani wangu, alisita na spana mkononi. "Kamuulize kwanza mwenye gari. Hizi zako mpya zinapuliza, zake zinakojoa."

"Wewe fungua, mtani. Kazi ya mdomo tuachie sisi."

"Haya. Mimi nafunga ninachopewa."

Sikumwambia dada. Baada ya siku chache gari likaanza kugonga na kutoa moshi mweusi. Akaniuliza, "Kaka, mbona linagonga?"

"Dizeli ya siku hizi," nikamjibu. "Kila mtu anauza."

Aliniamini. Alirudia kuchuja mafuta yake, safari hii kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, nami nilimshikia mpira wa kumiminia. Ningeweza kusema pale.

Gari lilizimika kwenye mlima wa kupandia Newala, tukiwa na mzigo. Lilipiga kishindo kimoja, mafuta ya injini yakamwagika barabarani. Lori lilituvuta hadi mjini. Fundi wa Newala alipofungua injini alikuta pistoni imetobolewa juu, mahali palipodondoshewa dizeli. Akatoa nozeli, akazipanga juu ya gunia. Dada yangu aliinama, akaokota moja, akaigeuza.

"Hizi si zangu," akasema. "Zangu ziko wapi, kaka?"

"Nimemwazima mtu."

"Mtu gani?"

Nikamtaja mnunuzi. Alikwisha kuondoka, na sikujua hata kwao ni wapi.

"Ulimwambia ni za nani?"

"Alijua."

Hakupandisha sauti. Aliirudisha nozeli juu ya gunia, akafuta mkono kwenye kanga, akamuuliza fundi kama gari linaweza kuuzwa kwa vipande. Likauzwa hivyo. Mitumba akawa anaibeba kichwani, kijiji kwa kijiji, hadi magoti yalipomkataa.

Binti yake mkubwa alipoposwa, washenga walifika Kitangari, nami nikavaa shati langu jeupe nikaenda. Kwenye mkeka wa mjomba alikaa mtoto wa mama yetu mdogo, mtu wa Lulindi. Dada alinisalimu vizuri. "Shikamoo kaka. Karibu, kaa na wageni." Nilikaa na wageni, nikala pilau.

Wadogo wa binti yule nao walioa na kuolewa, na kila mara mkeka ulikuwa wa yule wa Lulindi. Dada yangu amekwisha kufariki. Wapwa zangu wananiamkia njiani kama wanavyomwamkia mzee yeyote, na wakiwa na jambo hawaji kwangu. Kwa kukubali siku ile nilimpoteza dada yangu angali hai, na watoto wake pia.