Chumvi ya Barafu

Wifi yangu nilimchukia kabla hajamaliza kula wali wake wa kwanza nyumbani kwetu. Sina haja ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tukikaa Likoni, kando ya njia ya kushukia kivukoni, na katika dunia nzima nilikuwa na mwanamume mmoja tu wa kumwita wangu, naye ni kakangu. Baba alikufa mimi ningali nabebwa mgongoni, kwa hiyo kakangu ndiye aliyenilea, akaninunulia madaftari, akanishika mkono kila Jumapili kwenda kanisani. Sasa ameleta mwanamke kutoka Rabai, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, na kila jirani anapita akisema, "Kakako kapata mke." Hakuna aliyeuliza mimi nimepata nini.

Kakangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha barafu kisiwani. Jumamosi wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua vipande vilivyovunjika, naye alikifunga chake kwa maranda na gunia, akavuka nacho kwenye feri, kisha akapanda mlima mbio kama mtu aliyeiba. Wakati wa kaskazi, maembe yakiiva na ndani ya nyumba hakukaliki kwa joto, sisi wawili tulitengeneza barafu za kijiti. Fundi wa bati alitutengenezea vikopo kumi na viwili, vyembamba, urefu wa kiganja. Tuliponda embe, tukatia maji na sukari, tukajaza vikopo, tukasimamisha kijiti cha mwanzi katika kila kimoja. Tulivipanga ndani ya pipa lililokatwa nusu na kuvizungushia barafu iliyopondwa. Baada ya hapo ilikuja kazi yangu, na kazi yangu ilikuwa chumvi.

Asiyeijua kazi hii hawezi kuamini. Barafu peke yake hupoza tu, haigandishi. Lazima uimwagie chumvi ya mawe, ile ya wavuvi wa kukaushia samaki wa ng'onda, tena kwa wingi, ndipo inapotoa baridi inayouma vidole na vikopo vikashika. Nilikuwa na miaka saba kakangu aliponifundisha. Chumvi niliiweka kwenye mkebe chini ya kitanda changu, na hakuna aliyeugusa ila mimi. Mama hakujihusisha na mambo hayo, alisema barafu inamuuma meno.

Wiki ya tatu ya ndoa, wifi akapewa barafu yetu aonje. Akainyonya mara mbili, akaitazama. Kweli ilikuwa na aibu yake: ukivuta kidogo, rangi na utamu wote huja kinywani, mkononi ukabaki na kipande cheupe cha maji. Lakini ilikuwa aibu yetu, mimi na kakangu, na tulikuwa tumeizoea.

"Wifi," akaniambia, "na tukitia tui?"

"Barafu si wali," nikamjibu.

Kakangu akacheka, akasema mwache ajaribu. Basi Jumamosi iliyofuata akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi tatu. Alichukua tui la kwanza tu, lile zito, akalipika na sukari huku akilikoroga bila kupumzika mpaka likawa linashika mwiko. Akaliacha lipoe, akachanganya na embe boribo aliloliponda na kulichuja kwa kifumbu lisiwe na uzi hata mmoja. Sisi kazi yetu ikabaki kugandisha, huku yeye yuko jikoni anasafisha vyombo. Barafu ile ilikuwa laini, unaing'ata haikushindi meno, na utamu wake unakwenda mpaka mwisho. Kakangu alikula tatu, kisha akalamba kijiti. Miaka sita nilikuwa nimemtengenezea barafu na hakuwahi kulamba kijiti.

Tangu siku ile hata watoto wa jirani wakaziita barafu za bibi harusi. Mimi nikikaa kizingitini nasikia. Zamani kakangu akifika alikuwa akiniita jina langu kutoka barabarani. Sasa alipiga hodi tu, na wa kwanza kutoka alikuwa mwingine. Usinambie mtoto wa miaka kumi na mitatu hajui wivu. Niliujua kama ninavyojua njaa, unaanzia tumboni.

Kisha ikafika Jumamosi ambayo mamake wifi alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza kuona mwanawe ameolewa wapi. Mama yule hakuwa amepata kuona barafu maishani mwake. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha lakini sukari bado ilikuwa ya kupimiwa, na wifi alikunywa chai isiyo na sukari wiki mbili nzima ili fungu lake litoshe kumpikia mamake. Asubuhi aliteleka tui, na mama yangu akasema maneno ambayo katika kila jiko la kwetu husemwa, kwamba mwenye kijicho asichungulie sufuria, tui litakatika.

Nikachungulia. Niliiinamia sufuria ile nikaitumbulia macho, nikalitakia mabaya kwa roho yangu yote. Tui halikukatika. Lilizidi kuwa zuri, linang'aa, na wifi akanichotea kwenye mwiko nionje. Nilijiona sina thamani kabisa, mtu mwenye kijicho ambacho hata nazi haikiogopi.

Saa saba na nusu kakangu akaleta barafu. Alikuwa na haraka, maana ilimpasa avuke tena kwenda kuwapokea wageni.

"Saa kumi tutakuwa hapa," akasema. "Nawaachia nyinyi wawili." Kisha akanigeukia. "Wifi yako hajapata kugandisha. Wewe ndiye mjuzi."

Akaondoka. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na sufuria ya pilau. Tukabaki mimi na wifi na pipa. Nikaipiga barafu kwa mchi ndani ya gunia, tukapanga vikopo, tukavizungushia barafu. Nilipofika pale pa chumvi, mkono wangu ukasita. Nikasema moyoni, huyu si ndiye mwenye barafu? Na zigande basi kwa tui lake. Nikachukua gunia nikafunika pipa.

Wifi akanitazama. "Wifi, ndiyo basi? Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

Kwetu mke hamfundishi wifi yake kazi ya nyumba aliyoikuta, hata kama wifi mwenyewe ni mtoto wa kumtuma dukani. Akangoja. Baada ya muda akafunua gunia, akatikisa kikopo kimoja, ndani kukasikika maji.

"Wifi, mbona bado? Au tumesahau kitu?"

"Barafu haitaki haraka," nikasema.

Alikaa kwenye kigoda karibu na pipa, amevaa leso mpya aliyoiweka kwa ajili ya mamake, na barafu ikawa inayeyuka mbele ya macho yake. Saa tisa akaniuliza tena, safari hii polepole sana, kama anayeomba. "Wifi, hakuna kabisa?" Nikamwambia hakuna, nikaingia chumbani, nikajilaza juu ya kitanda chenye mkebe chini yake. Sikutoka.

Wageni walifika saa kumi. Mamake wifi alikuwa mzee mwembamba, macho yake hayakumwachia mwanawe hata mara moja. Tulikula pilau, halafu kakangu akainuka kwa madaha kwenda kumtolea mkwewe barafu ya kwanza. Akavuta kijiti. Kikatoka kitupu, kinadondosha tone. Akavuta cha pili. Akachovya kidole kwenye maji ya pipa, akakilamba.

"Chumvi?" akauliza.

"Nimesahau mimi," wifi akasema.

Kakangu akanitazama mimi, mara moja tu, akainamisha macho. Nilingoja amkemee mkewe. Mwezi mzima nilikuwa nimengoja siku hiyo. Lakini wifi alikwishachukua vikombe, akamimina ule mchanganyiko wa baridi, akampelekea mamake kwa mikono miwili. Yule mzee akanywa, akafumba macho, akasema hajapata kunywa kitu kitamu namna ile tangu azaliwe, na akaomba tena. Mama akaomba. Jirani aliyepita akaitwa. Hata nilipomharibia, sifa zilikwenda kwake. Nilikaa na kikombe changu kilichojaa na nikatamani kukipindua.

Jioni, wageni wakipumzika ukumbini, tuliosha vikopo pamoja uani. Yeye anasugua kwa jivu, mimi nasuuza. Sikuweza kuvumilia.

"Kwa nini umesema ni wewe?" nikamuuliza. "Umesahau vipi kitu ambacho hukukijua?"

Akasugua kikopo mpaka akakimaliza.

"Nilikijua," akasema. "Siku ya pili ya harusi kakako alinambia. Akanambia jiko ni langu, nyumba ni yangu, lakini chini ya kitanda cha mdogo wake mna mkebe wa chumvi, nao ni wa mdogo wake. Nisiuguse mpaka mwenyewe anipe." Akanipa kikopo nikisuuze. "Leo nilikuwa nakungoja wewe."

Nikakipokea. Mwezi mzima nilikuwa nimelilia nafasi yangu kwa kakangu, kumbe alikuwa amenitengea tangu siku ya pili, na mwanamke huyu alikuwa ameilinda mbele ya mamake mzazi huku barafu ikimyeyukia. Mwenye kuikataa nilikuwa mimi, tena mara tatu. Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha pale uani. Haukuisha. Nilimtazama akisugua kikopo kingine, kichwa ameinamisha, hana hasira hata chembe, nami nikamwonea wivu kuliko siku zote, maana safari hii alikuwa na kitu ambacho hakukichukua kwangu na ambacho mimi sikuwa nacho.