Ruhusa ya Mama wa Mwaya

Mume wangu alifungwa kwa sababu ya adabu zake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia majirani pale Bondeni, kwa hasira, na hata leo nasema hivyohivyo.

Ilikuwa miaka ile biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mwenye nguvu akakimbilia vijijini kununua mpunga. Yeye aliendesha pikapu ya tajiri mmoja, akitoa mpunga Mwaya kuuleta mjini. Asubuhi moja kijana wa baiskeli alichomoka kwenye migomba akaingia barabarani bila kuangalia. Mume wangu akakanyaga breki, gari likaserereka kwenye tope. Kijana alifia palepale.

Sasa, kwetu mbele ya wafiwa hubishani. Unainamisha kichwa, unasema nimekosa, unakaa nao chini. Mume wangu alifanya hayo msibani, wakampokea. Balaa ni kwamba aliyafanya tena mahakamani. Aliposomewa shitaka la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, mama wa marehemu alikuwa amekaa benchi la mbele. Mume wangu akamtazama, akasema, "Ni kweli, nimekosa." Hakimu, mgeni kutoka mkoa mwingine, akaandika kwamba amekiri. Miaka mitatu jela.

Nilipokwenda kumwona gerezani Mbeya nilimgombeza mpaka askari wakacheka. Bwana jela akatueleza kwamba anaweza kukata rufaa, aseme hakuwa anakiri kosa, alikuwa anatoa pole.

"Siwezi kubishana na yule mama, na mwanawe yuko kaburini," mume wangu akasema. "Labda aniruhusu mwenyewe."

"Na mimi na hili tumbo, nani aliyeniruhusu nilale peke yangu?"

Akanitazama tumbo. Nilimpenda mno, na nilitamani kumzaba kofi.

Basi nikaenda Mwaya. Nilimkuta yule mama jikoni anamenya ndizi. Tulisalimiana, ugonile, ugonile, akanipa kisu na mimi nimenye. Nikamweleza shida yangu huku nikiogopa hata kuinua macho.

"Kumbe hajawahi kusema ilivyokuwa?" akaniuliza.

"Hajasema, mama. Anakuonea haya."

Alimaliza ndizi zote kwanza. "Mwambie akate rufaa. Siku ikifika, uje unichukue."

Nilimchukua. Tulipanda basi la Mbeya pamoja, njia nzima akinishikia kapu ili nisichoke. Mahakama Kuu, jaji akamuuliza mume wangu kwa nini anakata rufaa ilhali alikiri mwenyewe. Mume wangu akageuka, akamwona yule mama, akafunga mdomo. Pumbavu, nikasema moyoni, utazeeka jela.

Yule mama akasimama bila kuruhusiwa. "Sema, mwanangu. Usinifiche."

Karani alimwamuru akae. Jaji akamwacha. Ndipo mume wangu akaeleza, kwa sauti ndogo: kijana alikuwa amegeuza shingo anamcheka mwenzake aliyebaki shambani, gari hakulisikia kabisa.

Jaji alisema kukiri kule hakukuwa kukiri. Akaifuta hatia, hakuona haja ya kesi kuanza upya, akaamuru aachiwe.

Nje barazani nilimkumbatia mume wangu nikalia bila aibu, nikamgombeza kidogo pia. Yule mama alisubiri mpaka nimwachie, kisha akamsogelea.

"Alikuwa anacheka kweli, au umesema kwa ajili ya jaji?"

"Kweli, mama. Alikuwa anacheka."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Nilimsikia."

Akamshika mkono, akauweka shavuni pake mwenyewe. "Ndaga, mwanangu," akasema, "ndaga fijo," akimshukuru sana kwa lugha yetu, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.