Kanga Begani

"Nyie ni nani wetu?"

Aliyeniuliza alikuwa msichana wa umri wangu, amesimama kwenye mlango wa jikoni na gauni jipya la Idi, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Mie nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya saruji na kikombe cha bati mkononi. Nilikuwa darasa la tatu, na kujibu maswali ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo shuleni. Hilo sikulijua jibu lake.

"Sijui," nikasema.

"Sasa kama hujui, mmekuja kufanya nini?"

Nikageuka kumtafuta Bibi anisaidie. Bibi alikuwa ndani, kwenye sinki, ameshakunja mikono ya gauni lake la sikukuu, anaosha masufuria ya watu. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu bomba lilifungwa kidogo, halafu likafunguliwa tena.

Kila Idi tulitoka Temeke asubuhi na kikapu cha visheti na kashata za ufuta, tukaenda kwenye nyumba ile. Bibi hakuwahi kuita mtaa ule kwa jina linaloandikwa kwenye ramani siku hizi. Kwake mji wa Dar es Salaam ulikuwa na sehemu tatu tu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu alijua jua likizama anatakiwa awe wapi. Tulikuwa tunaenda Uzunguni. Tukifika tulizunguka nyuma, tukapita geti dogo, tukakaa kwenye ngazi ya jikoni. Visheti vyetu viliingia ndani kwenye sahani ya udongo. Sisi tulibaki nje na chai.

Bibi aliingia nyumba ile akiwa msichana, kabla ya Uhuru, kulea watoto wa familia ya Kizungu. Alilala kwenye chumba cha watumishi, nyuma ya ua wa michongoma. Kikombe chake cha bati kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, ili mtu asije akakosea akakinywea. Usiku hakutoka, maana ukikutwa mitaa ile bila karatasi ya bwana wako, unalala polisi.

Kisha Uhuru ukaja. Nilipokuwa na kazi ya shule kuhusu Uhuru nilimfuata Bibi na kalamu, nikitegemea nyimbo na bendera.

"Wazungu wakafunga masanduku," akasema. "Wakaacha friji, jiko, mbwa, na mie."

"Halafu?"

"Halafu wakaja weusi wenzetu."

Aliyekabidhiwa nyumba alikuwa kijana msomi wa serikali mpya, mtu wa Pwani kama Bibi, Mwislamu kama Bibi, na mkewe alifunga lemba kama Bibi. Wiki ile ya kwanza Bibi alichukua kikombe cha kauri kabatini, akamimina chai, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Mke wa bwana mpya, ambaye tangu siku hiyo aliitwa Bi Mkubwa, akaingia, akamtazama, akamuuliza kwa upole kabisa, "Kikombe chako si kile pale nje?"

Bibi akatoka nje. Alinisimulia hayo bila kukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha mie. Kazi ya shule niliandika kuhusu bendera.

Chuo kikuu walinipa maneno ya kuitia nyumba ile. Tabaka. Ukoloni mamboleo. Nikayapenda maneno hayo kama mtu anavyopenda kisu kipya, nikaanza kukata kila kitu nacho. Wahadhiri waliotufundisha usawa niliwauliza kwa nini mfagizi wa ukumbi wanamwita "we mama" na hawajui jina lake. Wanaharakati niliwauliza nani anawapikia nyumbani. Sikupendwa sana. Lakini mtu niliyemchambua kuliko wote alikuwa Bibi, na ushahidi wangu mkubwa ulikuwa kanga yake.

Bibi alikuwa mwanamke wa stara. Akija fundi bomba, kanga kichwani. Akija muuza nazi, mjumbe wa mtaa, hata daktari aliyempima macho, kanga kichwani kwanza, habari baadaye. Mkono hakumpa mwanamume. Akilazimika, aliuviringisha kwenye pindo la kanga. Lakini kule Uzunguni, mtoto wa Bi Mkubwa, aliyekuwa sasa mtu mzima na mwenye malori ya makontena pale Kurasini, alipoingia jikoni kutoa salamu, kanga ya Bibi iliteleza mpaka begani na yeye akaiacha hapohapo. Nywele zake za mvi zilikuwa wazi, vile vitutu vyembamba ambavyo hata mie nilivisuka mlango ukiwa umefungwa. Alimpa mkono mtupu. Mara nyingine alimshika shavu.

Nikapata maelezo yangu. Mwanamke anajisitiri mbele ya mwanamume. Bibi mbele ya yule hakujihesabu kuwa mwanamke. Alijihesabu sehemu ya jiko, na jiko halivai ushungi. Miaka yote ile, bendera mpya, wimbo mpya, na ndani ya kichwa chake bado kulikuwa na Uzunguni na geti dogo.

Nikampelekea Mama uchambuzi huo jioni moja, nikitegemea sifa. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akacheka kicheko kikavu.

"Hayo umesoma miaka mitatu? Ungeniuliza mie ningekwambia bure. Hicho kichwa cha bibi yako ndicho kilichoniharibia maisha."

Nilijua kwamba Mama alizaliwa kule, kwenye chumba cha nyuma ya michongoma. Ambacho sikukijua ni kwamba yeye na mtoto wa Bi Mkubwa walizaliwa msimu mmoja, wakatambaa kwenye sakafu moja ya jikoni, wakacheza mpaka shule ya bweni ilipowatenganisha. Wakaja kuonana wakiwa wakubwa. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari, redioni kila mtu ni ndugu, waziri ndugu, mfagizi ndugu. Yule kijana aliiamini redio. Akamtaka Mama, na Mama akamtaka. Akaja mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha nyuma kumwambia Bibi kwamba anataka kuleta posa.

Bibi akakataa.

"Akasemaje?"

"Akasema yule mtoto wa wakubwa, wewe mtoto wa mtumishi, haiwezekani. Basi. Na kesho yake akanifungia nguo zangu akanileta Temeke kwa shangazi."

Mama aliolewa baadaye sana, na kuli wa bandarini ambaye ni baba yangu na ambaye aliondoka kabla sijamjua. Bibi naye alihamia kwetu pale kijana yule alipobomoa vyumba vya watumishi ili ajenge nyumba za kupangisha. Alikuja na kitanda, sanduku na kikombe chake cha bati. Mama alimpokea, akamlisha, akamwogesha alipougua. Lakini hakuwahi kula naye sahani moja. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mama yake, aseme kwamba siku ile alikosea. Kila ugomvi ulianzia kwenye chumvi au mwanga wa taa ukaishia hapo.

Ugomvi wa mwisho niliushuhudia. Bibi alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Uliona sifai," Mama alisema.

"Sikusema hufai."

"Ulisema nini?"

"Nilisema haiwezekani."

"Tofauti yake nini, mama? Hebu niambie. Huyu hapa msomi, atanitafsiria."

Bibi akaendelea kukuna. Mie nikaingilia, kisu changu mkononi.

"Bibi, Uhuru ulishapatikana. Hujaambiwa?"

Akaacha kukuna. Akasema, "We mtoto una mdomo. Kila mtu unamuuliza maswali. Mie hujaniuliza hata moja, unanipa majibu tu."

"Haya, nakuuliza. Kwa nini ulikataa?"

Akamtazama Mama. Nadhani siku hiyo alikaribia. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha akainama kwenye nazi yake. "Niliapishwa," akasema, na Mama akasonya, akatoka nje. Sote tulijua Bibi na viapo vyake. Alikuwa ameapa kutokula pweza, ameapa kutopanda lifti.

Alikufa mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika. Majirani wakafunga turubai, wakatandika mikeka, masufuria ya pilau yakatoka msikitini. Yule bwana wa makontena alikuja na gari ambalo lilishindwa kuingia mtaani kwetu, akalazimika kuvuka matope kwa miguu. Waombolezaji wote wamekaa chini. Yeye akaletewa kiti, kiti kikasogezwa mbele, chupa ya maji ikawekwa kwenye sahani. Mama alimwona kupitia dirisha, akiwa kwenye mkeka wa wafiwa.

"Angalia," akaniambia. "Sie kwao tunakaa nje na vikombe vya bati. Yeye hata kwenye maiti yetu anakaa mbele."

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Tulisubiri wanaume warudi, na jirani yetu wa ukuta mmoja ndiye aliyetusimulia. Alisema kila kitu kilikwenda vizuri, isipokuwa pale shehe alipoita maharimu wa marehemu washuke kumpokea. Mwanamke anapoingizwa kaburini hupokewa na wanaume ambao wasingeweza kumwoa, kaka, mwana, mjukuu. Bibi hakuwa na kaka aliyebaki. Hakuwa na mtoto wa kiume. Shehe akauliza mara ya pili. Watu wakatazamana. Mwisho wakashuka shehe mwenyewe, jirani yetu na mzee mmoja wa msikitini.

"Na bosi wenu kafika mpaka kaburini, eh," jirani akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetupa habari njema. "Kasimama ukingoni kabisa. Kanzu nyeupe, haijaguswa na udongo. Lakini kalia yule! Kalia kuliko wote."

"Hizo ni hela za kulilia," Mama akasema. Sikuelewa maana yake na nadhani hata yeye hakuelewa.

Ikapita zaidi ya miaka miwili. Nikapata kazi, nikaacha, nikapata nyingine. Siku moja Bi Mkubwa akatuma dereva atuchukue, mie na Mama. Alikuwa mzee sana, hatoki kitandani, na alitaka kutuona kabla hajafa. Mama hakutaka kwenda. Nilimshawishi mie, kwa udadisi tu. Dereva akatupitisha mlango wa mbele. Nilikuwa nimesubiri kuupita tangu darasa la tatu, na ndani kulikuwa na makochi tu. Msichana wa kazi alitufungulia, akatuletea juisi kwenye bilauri. Akirudi jikoni nikamwona akinywa maji kwa kikombe cha plastiki, halafu akakirudisha nje, dirishani.

Bi Mkubwa alimshika Mama mkono. Alizungumza polepole, macho yakiwa darini. Alisema alipojifungua mwanawe wa kwanza katika nyumba hii aliugua homa, maziwa yakakauka. Mtoto alikataa ya kopo, akawa anakwisha. Bibi alikuwa na mtoto mchanga kule chumba cha nyuma.

"Mama yako alimchukua. Wewe ziwa la kulia, yeye la kushoto. Alimnyonyesha mpaka akaota meno."

Bi Mkubwa akapumzika kidogo, akaendelea.

"Mume wangu alikuwa mtu mkubwa. Wake za mabalozi wanaingia humu. Ingesemwaje, mtoto wangu amelelewa na maziwa ya yaya? Nikamwapisha kwa msahafu asimwambie mtu. Mwanangu alipoleta maneno ya posa, mama yako akaja kwangu analia. Ananiomba nimfungue kiapo, walau akwambie wewe, kwamba huyo ni ndugu yako wa kunyonya, kuoana ni haramu. Nikamwambia tafuta sababu nyingine."

Sababu nyingine. Mtoto wa wakubwa, mtoto wa mtumishi. Kila mtu angeiamini hiyo, na sote tuliiamini, mie nikaiwekea na maneno ya chuo.

Nilifikiri juu ya kanga iliyoshuka begani. Alikuwa na mtoto wa kiume kumbe, na alimwona siku za Idi tu, jikoni, akiwa ameshika sufuria. Kichwa wazi ndiyo kauli pekee ambayo kiapo hakikumkataza.

Mama alikuwa ameutoa mkono wake. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na yeye lini utamwambia?"

Bi Mkubwa akageuza uso ukutani.

"Yeye anajua. Nilimwambia siku ileile ya posa, kumzuia."

Basi anajua tangu ujana wake. Alijua alipobomoa chumba cha nyuma, na alijua kila Idi alipokuja jikoni kushikwa shavu. Na makaburini, shehe alipouliza mara ya pili kama marehemu ana maharimu, alikuwepo mmoja, amesimama ukingoni.