Mashine Iliyokandwa kwa Mafuta ya Nazi

Jaffar alikuwa fundi saa wa Mji wa Kale, na mkewe Mwanakuu alikuwa mkandaji, akiwanyoosha waliojifungua na wazee waliokakamaa. Kwa hiyo Kamaludin, karani wa tajiri mmoja wa ngozi, alipomletea Jaffar mashine ya kuhesabu, ile ya kuzungushwa kwa mkono, fundi aliifahamu kwa lugha ya nyumbani kwake.

"Meno haya ndiyo vidole," alimweleza mkewe alipokwisha kuifungua. "Chuma hiki ni uti wa mgongo. Gurudumu hili likipita tisa, humsukuma mwenziwe hatua moja, kama paja linavyolipeleka goti."

"Na akili yake iko wapi?"

"Kichwa haina. Akili imo viungoni."

"Basi mmepatana," Mwanakuu akasema.

Jaffar alicheka, ila moyo wake ulikuwa juu. Kamaludin alikuwa ameahidi kwamba mashine hii ikipona, za ofisi nzima zitaletwa kwake, na saa zilikwisha kumchosha. Viungo vya mashine vilikuwa vikavu, naye akajua dawa ya viungo vikavu: alichukua chupa ya mkewe ya mafuta ya nazi akavikanda kimoja kimoja. Jioni mkono wa mashine ukazunguka laini. Saba na nane, kumi na tano. Akalala usingizi mzuri.

Asubuhi mkono haukutikisika. Ulikuwa mwezi wa Julai, upepo wa baridi wa kusi umevuma usiku kucha. Mwanakuu akatia kidole kati ya magurudumu, kikatoka na utando mweupe.

"Baba Aidarus," akamwambia mumewe, "miaka yote hii waniona naianika chupa yangu juani kabla ya kukanda. Wadhani naionyesha mtaa?"

Wakaitoa mashine barazani, wakailaza chali juu ya mkeka. Mafuta yalipoyeyuka Jaffar akayaosha kwa mafuta ya taa, na alikuwa akitia ya cherehani Kamaludin alipofika.

"Sabalkheri, fundi. Mgonjwa aota jua?"

Mwanakuu alikwisha kujitenga ndani; sauti yake ikatoka nyuma ya pazia la mlango: "Alishikwa na baridi yabisi, bwana. Mume wangu alimkanda kwa mafuta yaliyoganda."

Kamaludin akauzungusha mkono mara tatu, akasoma hesabu, akazungusha tena. Kisha akacheka hata akakaa kitako barazani.

"Nyingine mbili nitaleta Jumamosi," alisema. "Lakini wewe zifungue tu. Dawa nitamuuliza mama."