Bwana Asifiwe, na Kimya

Chini ya meza ya saiba yangu, duka la intaneti pale Kwa Vonza, kulikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na kioo. Tuliiita proksi. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya wateja na intaneti: mtu akipakua wimbo, yenyewe inabaki na nakala, na wa pili akiutaka anapewa ile nakala hapo hapo. Kwa mtandao wetu wa kukokota miguu, bila hiyo ningefunga duka.

Basi akaja jirani yangu, mama muuza ndengu. Mwanawe wa pekee alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki. Kabla ya hapo kijana alitoa ushuhuda kanisani, na kanisa likauweka kwenye tovuti yake. Mama aliwekewa ushuhuda huo kwenye simu, akawa anausikiliza kila asubuhi, mpaka simu ikaibiwa sokoni Emali. Hakuwa na sauti nyingine ya mtoto wake. Akaniomba nimtafutie.

Nikamwambia akae, hiyo ni kazi ndogo. Mdomo wangu huu! Tovuti ilikuwa imefungwa. Nikapitia proksi ya mwenzangu mwenye saiba Mwingi, haikuwa na kitu. Nikapitia ya chuo fulani, ikanifungia mlango. Nikapiga simu kanisani, wakasema aliyekuwa akirekodi alihama na mitambo yake. Nilikasirika, na hata sikujua namkasirikia nani.

Ikabaki proksi yangu mwenyewe. Nikapekua, nikaupata ule ushuhuda. Lakini kipande tu: mteja alipoanza kuupakua stima ilipotea, na hakurudi kuumalizia. Sinema za kupigana zilikuwamo humo nzima nzima. Nilitamani kuipiga teke mashine ile.

Nikamwambia mama ukweli. Akasema hata kipande atashukuru.

Nikawasha spika. Kwaya ikamaliza pambio, mchungaji akamkaribisha kijana, tukasikia maiki ikigongwagongwa.

"Bwana asifiwe," kijana akasema.

"Amina," mama akaitikia, akakaa sawa kusubiri neno.

Kimya. Nikamweleza kwamba rekodi imeishia hapo, na sina pengine pa kutafuta. Hakulia. Aliniuliza tu kama kijana anaweza kuanza tena, nikairudisha mwanzo.

"Bwana asifiwe."

Kanisani kwetu msemaji akirudia salamu, ujue mmeitikia kinyonge na anawangoja muamke. Mama akashika ukingo wa meza, akaitikia kwa nguvu zake zote, ili mwanawe aendelee.