Arum Tidi Tuliyemlea Ogwedhi

Mvua kubwa zilizotangulia Uhuru ziliung'oa mkuyu uliokuwa nyuma ya boma letu Ogwedhi. Katika uwazi wa shina lake Dani, yaani nyanya yetu mzaa baba, alikuta kinda mmoja hai, mweusi, ngozi imelegea kama ya mzee. Alikuwa kinda wa arum tidi, yule ndege mkubwa wa nyikani anayetembea ardhini kama mtu mwenye shughuli zake, na ambaye alfajiri ungedhani sauti yake ni ya watu wanaozungumza ndani ya mtungi.

Baba, mchuuzi wa ng'ombe, hakutaka aingie nyumbani. Dani alimwambia kwamba ndege huyo akifia mikononi mwa watu mvua hukasirika, na ilikuwa imeshakasirika vya kutosha.

Basi tukamlea. Nilikuwa na miaka minane, nami ndiye niliyemlisha ugali na omena, dagaa wa ziwani, kwa mkono. Alifungua mdomo tu, akamezeshwa.

Wenzake watano walipita ng'ambo ya mto kila asubuhi, na mmoja wao alikuwa wa rika lake. Nilikaa juu ya kichuguu nikawatazama. Wakubwa wote wanne walimlisha yule mdogo, si wazazi peke yao. Wakikamata nyoka walimpigapiga chini mpaka afe, wakampa mdogo, wakamnyang'anya, wakampiga nyoka tena mbele yake. Wetu hakuonyeshwa hayo na yeyote. Kwetu alijifunza kusimama mlangoni mama akisali. Alijifunza pia kugonga kioo cha dirisha, palipokuwa na sura yake. Alikigonga mara tatu, akatulia kama anayesubiri kuitikiwa, kisha akagonga tena.

Mwaka wa tatu mama alijifungua mtoto wa kiume. Tangu wiki hiyo tukawa tunakuta vitu kando ya mkeka wa mtoto: panzi, chura, mjusi asiye na kichwa. Mama aliamini tunarogwa. Alifunga, akaomba, akawaita wazee wa kanisa. Mwishowe mimi nikamwona ndege akiingia polepole, akiweka chura karibu na shavu la mtoto, akirudi nyuma hatua mbili na kumtazama.

Dani hakushangaa nilipomweleza. "Kwao mtoto hulishwa na ukoo mzima," alisema. "Huyu amejihesabu ni wa ukoo wetu."

Maneno hayo yalimtisha mama kuliko uchawi.

Sabato moja mchana nilimkuta ndege amesimama kando ya mtoto, shingo imeinama juu yake. Mdomoni alikuwa na kifutu, nyoka mnene mwenye sumu, na kifutu huyo alikuwa hai. Mkia wake ulijisokota shingoni mwa ndege. Hakuna aliyemfundisha kwamba kuua huja kwanza. Alikuwa akimteremsha taratibu kuelekea kinywa cha mtoto, na mtoto alikuwa akicheka.

Nilichukua bakuli la omena nikaligonga kwa kucha, kama nilivyofanya kila siku nikimwita kula. Aligeuka. Alinifuata hadi uani na nyoka wake, hatua kwa hatua, na huko baba akamkata nyoka kwa panga. Alitaka kumkata ndege pia, lakini Dani akasimama katikati yao.

Kesho yake baba alimtia ndege kapuni, tukamvusha mto. Wale watano walimzunguka. Wetu akapiga magoti mbele yao, akatetemesha mabawa na kulia kama kinda, yeye aliyekuwa mkubwa sawa nao. Jike mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha wote wakaondoka kwa miguu. Naye akawafuata kwa mbali, bado akilia. Tukirudi, baba alinishika mkono nisigeuke nyuma.

Miezi kadhaa baadaye mchungaji mmoja wa ng'ombe, Mmaasai, alikuja mnadani, akafuatana na baba hadi nyumbani. Alituambia kuwa wale ndege sasa wanatembea sita. Mmoja hubaki nyuma sana, na mara nyingine wenzake humwachia kipande cha chakula. Dani alifurahi. Mama, aliyekuwa akimnyonyesha ndugu yangu, aliuliza kama bomani kwao mchungaji kuna watoto.

Mchungaji alisema wapo wawili, mmoja mchanga.

"Mwambie mama yao afunge mlango," mama akasema, "hata mchana."