Wajapani wa Sebuleni Kwetu Katubuka

Watu wa rika langu wa Kigoma mtakumbuka, enzi zetu sebule haikuwa sebule bila kalenda ukutani. Mwaka ukiisha kalenda haishuki. Tarehe zinakatwa kwa mkasi, picha inabaki. Lakini kwetu Katubuka kulikuwa na picha ambazo hakuna jirani aliyekuwa nazo.

Zilitoka kwa Mjapani mmoja, fundi wa mradi wa maji aliyepanga nyumba ya pili. Alikuwa na adabu mno, akitupa shikamoo hata sisi watoto. Tuliitikia marahaba kwa sauti nzito za kizee, kisha tukakimbilia nyuma ya choo kucheka. Alipomaliza kazi alimwachia mama kalenda za kwao zilizopitwa na wakati, zimejaa picha za wachoraji wao wa kale.

Zilikuja wakati wake. Watu wa Ujiji walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Zainabu, na ukuta wa sebule ulikuwa umebanduka chokaa mpaka matofali yanachungulia.

"Wageni hawatauona huu ukuta," mama akasema. Akapika uji mzito wa muhogo, ndiyo gundi yetu.

Miaka ile nyumba ilikuwa imejaa. Vita vya Kongo vilikuwa vinavusha watu ziwani, na kwetu alikaa Mama Furaha kutoka Uvira na bintiye Furaha, wa umri wangu. Mumewe alikuwa akiuziana migebuka, samaki wa ziwani kwetu, na baba kabla ya vita. Sasa hatukujua aliko. Mama Furaha alipika, alifua, aliitikia kila salamu, lakini tangu afike hakuna aliyewahi kuyaona meno yake.

Kubandika kulichukua siku nzima. Bibi, mzaliwa wa Ujiji, alisimamia akiwa mkekani na tambuu shavuni. Mlima wenye theluji ukaziba ufa. Watu wanaovuka daraja kwenye mvua wakakaa juu ya redio. Mwanamke wa uso mweupe kwa poda, nywele zimechomekwa vijiti, akawekwa juu ya kiti cha mgeni. Bibi akamkagua mpaka miguuni, akaona viatu vya mbao kama vile vya kwetu vya kuendea msalani.

"Huyu kavaa mitalawanda," akasema. "Ni wa Ujiji huyu, msinidanganye."

Basi tukamwita Bi Mitalawanda. Mimi na Furaha tukajifunga vitenge vya mama zetu mpaka magoti yakashindwa kuachana, tukachomeka penseli kwenye nywele, tukajipaka unga wa muhogo usoni, tukawa tunazunguka ua kama kuku waliofungwa kamba, tukiangukiana.

Picha ya mwisho ilikuwa ya wimbi. Wimbi kubwa la buluu, povu lake kama makucha, na chini yake mitumbwi yenye watu walioinama. Mama alipoifunua akamtazama Mama Furaha, akaanza kuikunja tena.

"Muiache tu," Mama Furaha akasema. "Wimbi yenye ilitubeba sisi ilikuwa kubwa kuliko hii."

Akaipokea, akaibandika mwenyewe, akailainisha kwa kiganja kwa muda mrefu.

Siku ya posa wageni walikuja na kanzu zao, marashi yakajaa nyumba. Baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mnene mwenye sauti ya mawaidha, akaketishwa kiti cha heshima. Ilikuwa masika, uji haukuwa umekauka. Mzee akakohoa, akaanza kueleza kwamba wamepita njia nyingi na wameona ua katika nyumba hii. Hapo Bi Mitalawanda akabanduka polepole kuanzia juu, akainama kama anayesalimia, akamshukia mzee kifuani na uji wake wote.

Mama akafumba macho. Zainabu, aliyekuwa nyuma ya pazia, alituambia baadaye kwamba aliiona ndoa yake ikitoka mlangoni. Mzee akambandua yule mwanamke kwenye kanzu, akamtazama usoni, akamgeukia baba.

"Mimi nimekuja kuposa mmoja. Huyu mwingine nimwoe mwenyewe?"

Aliyeanza kucheka ni Mama Furaha, mlangoni na sinia la vikombe. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, akalia, akacheka tena, nasi tukamfuata, mpaka Bibi akatema tambuu. Posa ikakubaliwa kabla ya pilau kupakuliwa.

Mume wa Mama Furaha alifika baadaye, amekonda lakini mzima, na kwao kulipotulia wakarudi wote.

Vijana wa sasa hawahangaiki na uji. Juzi mtoto wa Zainabu alinikaribisha nyumba yake mpya: dari ya jipsamu, taa zinazobadilika rangi, runinga pana kama mlango. Nilipomuuliza picha anaweka wapi, akanionyesha simu. Tulikula vizuri, kila mtu kainamia yake. Nikiwa navaa viatu niondoke ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesikia mtu akicheka.